Fahamu: Mabasi mapya ya Kigali na safari ya kuyafikisha barabarani

Kigali haina treni ya mjini. Rwanda nzima haina reli. Umati wa kituo cha mabasi cha Nyabugogo jioni, watu wamejipanga foleni wakiwa na kadi za kulipia nauli za Tap&Go mkononi, unategemea mabasi peke yake. Ndiyo maana serikali iliamua kununua mabasi 200, na kufikia mapema mwaka 2024 mabasi 100 ya kwanza yalikuwa yamewasili.

Kuyafikisha si kazi ndogo. Mizigo mingi ya Rwanda hushushwa bandari ya Dar es Salaam, ikakatiza Tanzania hadi mpaka wa Rusumo. Tena Wanyarwanda huendesha upande wa kulia, kwa hiyo basi lililoundwa kwa ajili ya Nairobi, ambako huendesha upande wa kushoto, halifai hapa. Usukani lazima uwe kushoto.

Mwishoni mwa 2023 yaliingia pia mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo. Kampuni za usafiri huyalipia kulingana na kilomita, bila kubeba gharama yote ya ununuzi kwa mkupuo. Huo ni mpango wa busara, kwa sababu betri ndiyo inayopandisha bei.

Lakini mnamo Machi 2024 serikali iliondoa ruzuku ya nauli, na abiria wakaanza kulipa zaidi. Aliyeongezewa nauli ana haki ya kupewa ratiba inayoheshimiwa. Wenye mamlaka watenge njia za mabasi pekee, la sivyo mabasi mapya yatakwama kwenye foleni ileile ya magari.