Kheer ya mumunye: Mboga tamu kwa mtoto anayesukuma sahani

Kila jioni ni yale yale. Mtoto anamaliza wali, anamaliza nyama, mboga anaisukuma pembeni ya sahani. Mzazi anabembeleza, anatishia, mwisho anachoka na kuiondoa mezani.

Katika nyumba nyingi za Kihindi, mboga huingia pia kwenye sufuria ya maziwa na kutoka ikiwa kheer, chakula kitamu kizito kama uji, kinachopikwa sikukuu na hata siku za kawaida. Inayojulikana zaidi ni ya mchele, lakini ipo ya karoti na ipo ya mumunye changa, ambalo Wagujarati huliita dudhi. Kwa kuwa familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki zina asili ya Gujarat, jina hilo si geni kwa wauza mboga wa huku.

Onja kwanza

Kabla ya yote, kata kipande kidogo cha mumunye bibi, kionje kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, tupa mumunye zima. Uchungu huo ni dalili ya sumu ya asili inayoweza kuleta kutapika na maumivu makali ya tumbo, na kupika hakuiondoi. Huko India wapo watu waliougua vibaya baada ya kunywa juisi ya mumunye chungu. Sukari na iliki vinaweza kuuficha uchungu huo, ndiyo maana mtu mzima huonja mapema, si baada ya kupakua.

Viungo

- Mumunye changa, lililokunwa, vikombe 2
- Maziwa lita 1
- Samli kijiko 1 cha chakula
- Sukari vijiko 3 hadi 4 vya chakula
- Iliki punje 4, zilizotwangwa
- Korosho au lozi kiasi, zilizosagwa

Namna ya kupika

1. Menya mumunye, toa mbegu na sehemu laini ya katikati, kisha likune. Likamue maji.
2. Pasha samli, kaanga mumunye kwa moto mdogo dakika 7 hadi 10 mpaka lilainike na harufu ya ubichi iishe. Usiruke hatua hii, kwani mboga mbichi ikitiwa kwenye maziwa yanaweza kukatika.
3. Katika sufuria nyingine yenye kitako kizito, chemsha maziwa. Punguza moto, yaache yachemke taratibu kwa dakika 20 hivi, huku ukikoroga hadi chini yasishike.
4. Tia mumunye, endelea dakika 10 hadi 15 mpaka yawe mazito.
5. Malizia kwa sukari, iliki na korosho. Anayetumia sukari guru aepue kwanza sufuria, asubiri ipoe kidogo, ndipo aitie, la sivyo maziwa yatakatika.

Kwa karoti, hatua ni hizo hizo, ila hazihitaji kukamuliwa. Karoti zenyewe ni tamu, hivyo sukari inaweza kupungua. Mafuta ya samli na maziwa pia husaidia mwili kufyonza kile kiini cha karoti kinachogeuka vitamini A.

Nani ale, kiasi gani

Kheer haichukui nafasi ya mchicha wala sukuma wiki. Ni kitamutamu chenye mboga ndani, na bakuli dogo linatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi, kwa hiyo wa umri huo apakuliwe yake kabla sukari haijatiwa. Kwa watoto wadogo, korosho na lozi zisagwe kabisa, kwa sababu nzima zinaweza kuwakaba.

Kishawishi kikubwa ni kumdanganya mtoto kwamba hakuna mboga humo. Akigundua, atakagua kila sahani. Afadhali akabidhiwe kazi: aoshe mumunye, ahesabu iliki, ashuhudie likikunwa na kuingia sufuriani. Akimaliza bakuli, atakuwa amekula mboga akijua ni mboga. Wiki ijayo mumunye hilo hilo likija mezani kwenye mchuzi, halitakuwa geni machoni pake.