Soseji za siku ya mechi: ziive kwanza, mpira baadaye

Simba na Yanga wanapokutana, au Mtibwa Sugar wanaposhuka kutoka Turiani kucheza Uwanja wa Jamhuri, majiko ya mkaa mjini Morogoro huwashwa mapema. Mishkaki na ndizi ndiyo desturi. Anayetaka kubadilisha ladha huchoma soseji nene za mtindo wa Kijerumani, bratwurst, ambazo Wajerumani wenyewe huzila ndani ya mkate kabla ya mpira kuanza.

Ukizinunua, uliza kwanza kama ni mbichi. Soseji nyingi za madukani zimeshapikwa kiwandani, jiko linazipasha tu. Bratwurst mara nyingi ni nyama mbichi ya kusaga, hasa ya nguruwe, iliyojazwa ndani ya utumbo. Kwenye moto mkali ngozi hubabuka upesi huku katikati bado kubichi. Na kwa kuwa nyama imesagwa, vijidudu vilivyokuwa juu yake vimeshachanganyika hadi ndani.

Kwa nguruwe kuna tegu pia, mnyoo ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), hapa hapa Morogoro, wameufuatilia kwa miaka mingi. Nyama yenye maambukizi huwa na vifuko vidogo vyeupe, kama punje za mchele. Kwenye kipande kizima unaweza kuviona. Nyama ikishasagwa, huvioni tena. Ndiyo maana ni muhimu kununua kwa muuzaji ambaye nyama yake imekaguliwa.

Wengi wanaamini anayekula kitimoto kibichi ndiye anayepata minyoo ya kichwani. Ukweli umezunguka kidogo. Mlaji hupata tegu tumboni, pengine bila dalili yoyote. Mayai ya mnyoo hutoka na choo chake, na asiponawa kwa sabuni huyafikisha kwenye chakula. Atakayeyameza ndiye anayeweza kupata viluwiluwi kwenye ubongo, na kifafa kikafuata. Kwa hiyo hata mtoto ambaye hajawahi kuonja nguruwe yumo hatarini, kama anayempikia ana tegu na hanawi mikono.

Njia rahisi ni kuchemsha kabla ya kuchoma. Weka soseji kwenye sufuria ya maji na vitunguu, moto wa wastani, dakika 15 hadi 20. Maji yatoe mvuke tu. Yakitokota sana ngozi hupasuka. Usizitoboe kwa uma. Kisha zihamishie kwenye mkaa uliokwisha kufunikwa na majivu, uzigeuze mara kwa mara hadi ziwe kahawia. Mwenye kipimajoto cha nyama ahakikishe katikati kumefika nyuzi 71 za Selsiasi, au 74 kwa soseji za kuku. Koleo lililoshika mbichi lisishike zilizoiva kabla ya kuoshwa.

Kachumbari ya kabichi na karoti za Mgeta, zinazoshuka kutoka milima ya Uluguru, iandaliwe kabla hujagusa nyama mbichi.

Kama umealika majirani Waislamu, soseji za ng'ombe pekee hazitoshi. Muulize muuzaji ngozi imetokana na utumbo wa mnyama gani, na nguruwe awe na jiko lake.

Walio chini ya miaka mitano wasipewe soseji nzima wala vipande vya duara. Umbo hilo huziba koo sawasawa na kizibo. Ikate kwa urefu mara nne, kisha vipande vidogo, na mtoto ale ameketi, si akikimbia kushangilia bao.

Za kipindi cha pili zibaki kwenye friji au deli lenye barafu hadi zamu yake. Zilizoiva zisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Morogoro likizidi nyuzi 32, saa moja tu.