Arkea Wazalishao Methani: Uainishaji, Biolojia na Suala la Istilahi

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu mifugo, bayogesi na gesi ya Ziwa Kivu, viumbe wanaozalisha methani mara nyingi huitwa “bakteria”. Makala haya yanafafanua kwa nini jina hilo ni kosa la uainishaji, na jinsi linavyoweza kumpotosha mshauri wa sera.

Hadi miaka ya 1970, viumbe wa seli moja wasio na kiini cha seli walihesabiwa wote kuwa bakteria. Mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilinganisha RNA ya ribosomu za viumbe mbalimbali. Walibaini kwamba wazalishaji wa methani hawana undugu wa karibu na bakteria kuliko walio nao na mimea au wanyama. Hapo awali waliwaita arkebakteria. Mwaka 1990, Woese, Otto Kandler na Mark Wheelis walipendekeza domeini tatu: Bakteria, Arkea na Yukaria. Neno “bakteria” liliondolewa katika jina la kundi hilo ili kuepusha mkanganyiko, ingawa limesalia katika jina kongwe la jenasi Methanobacterium.

Tofauti hiyo ina msingi wa kibiolojia. Kuta za seli za bakteria walio wengi hujengwa kwa peptidoglikani. Arkea hawana kiambata hicho. Kwa hiyo penisilini, ambayo huzuia ujenzi wake, haiwadhuru. Arkea wa methani huishi pasipo oksijeni na hujipatia nishati kwa njia kuu tatu: kuunganisha kaboni dioksidi na hidrojeni, kuvunja asetati, au kutumia viambata vyenye methili, kama vile methanoli. Njia zote hukutana katika kimeng’enya kimoja, methili-koenzimu M ridaktasi, kinachokamilisha utengenezaji wa methani.

Katika Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sehemu ya methani hutokana na arkea wanaotumia kaboni dioksidi ya asili ya volkano. Leo gesi hiyo huzalisha umeme. Tumboni mwa ng’ombe, arkea wa jenasi Methanobrevibacter hutumia hidrojeni inayobaki baada ya bakteria na vijidudu wengine kuchachusha majani. Hapo ndipo jina huwa na uzito. Anayewadhania kuwa bakteria ataelekea kwenye antibiotiki, huku akichochea usugu wa dawa. Anayewajua kuwa arkea atakilenga kimeng’enya chao, kama kifanyavyo kiongezi cha malisho kiitwacho 3-nitrooksipropanoli.

Kwa hiyo inapendekezwa istilahi “arkea wazalishao methani” itumike katika kamusi, vitabu vya kiada na nyaraka za sera. Ni ndefu kuliko “bakteria wa methani”, lakini humwelekeza msomaji kwa kiumbe anayehusika.