Kiwanda cha Turubai Kilichogeuka Nyumba za Walimu

Wenzangu tunaosomea ualimu, swali moja tu: ukipangiwa kituo, utalala wapi? Wakati wa mazoezi ya kufundisha mimi nilipata chumba mwendo wa saa nzima kutoka shuleni, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ndiyo maana habari za jengo moja la Baltimore, Marekani, zilinigusa.

Linaitwa Union Mill. Lilijengwa miaka ya 1860, likiwa kiwanda cha kufuma turubai, kile kitambaa kizito cha pamba kilichoshonewa matanga ya meli. Ufumaji ulikoma zamani. Mwaka 2011 likafunguliwa upya likiwa na nyumba za kupanga zaidi ya 50 na ofisi za asasi za kijamii. Walimu wanapewa punguzo la kodi.

Kwa nini kiwanda cha nguo kinafaa kuishi watu? Ni kwa jinsi kilivyojengwa. Kabla ya umeme, mfumaji alitegemea mwanga wa jua kuona uzi, kwa hiyo madirisha ni makubwa na mengi. Mashine zilikuwa nzito na zilitikisa jengo, kwa hiyo kuta ni nene na sakafu imara. Ukumbi mrefu ukigawanywa vipande, kila kipande kinabaki na dirisha lake.

Lakini si mchezo, jamani. Ukumbi ukiwa mpana mno, katikati panakuwa giza. Rangi ya zamani huwa na madini ya risasi, mabomba huwa yamezungushiwa asbesto, na mbao za sakafu zimelowa mafuta ya mashine. Halafu kila nyumba inataka jiko, choo na bomba lake, pale ambapo hapakuwa na kitu.

Gharama hizo zinabebwaje? Hapa tena ni kodi, ila siyo ya pango. Serikali kuu ya Marekani humpunguzia mwekezaji kodi yake kwa asilimia 20 ya gharama za ukarabati zinazokubalika, mradi jengo linatambuliwa kuwa la kihistoria na sura yake inalindwa.

Hata hivyo, wala madirisha wala punguzo hilo haviamui nani ataishi humo. Viwanda vingi vya aina hii vimeishia kuwa makazi ya wenye nazo. Kampuni iliyokarabati Union Mill ilianza na mpangaji. Mwaka 2009 ilikuwa imeshageuza kiwanda cha makopo mjini humohumo kuwa nyumba za walimu. Mwalimu alikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Nasi tukisikia jengo kuukuu linatafutiwa kazi mpya, tusisubiri ramani ichorwe. Tuulize mapema: nani atalala humo, na atalipa shilingi ngapi?