SAT imekuangusha? Piga hesabu kabla ya kukata tamaa

Matokeo ya SAT yametoka, umepata 1250, na macho yako yalikuwa Harvard. Mtaani utasikia ushauri wa aina mbili. Kuna atakayekwambia sahau Marekani, na kuna atakayekwambia siku hizi SAT si lazima, tuma maombi tu. Wote wawili wanaweza kukupotosha.

SAT ina sehemu mbili: kusoma na kuandika, kisha hisabati. Kila moja ina alama 200 hadi 800, hivyo kilele ni 1600. Hakuna kupita wala kufeli. Alama huwa za chini au za juu kutegemea chuo unachokimezea mate.

Vyuo vingi huchapisha alama za nusu ya kati ya wanafunzi waliojiunga navyo. Kwa Harvard na MIT, nusu hiyo huanzia karibu 1500. Maana yake ni kwamba robo ya waliowasilisha alama walikuwa chini ya hapo. Kwa hivyo mwenye 1450 bado ana nafasi, ila 1250 iko mbali. Na hata wenye alama za juu kabisa hukataliwa, kwani Harvard huchukua chini ya watu 5 kwa kila waombaji 100.

Je, unaweza kuficha alama? Inategemea chuo. Vyuo vingi viliondoa sharti la SAT wakati wa Covid mwaka 2020, lakini MIT ilirejesha mtihani 2022, nazo Dartmouth, Brown na Harvard zikatangaza kuurejesha 2024. University of California nayo haitazami SAT kamwe katika kuamua nani aingie.

Usikimbilie kuficha, lakini. Watafiti wa Dartmouth waligundua kuwa baadhi ya waombaji wa kipato cha chini walificha alama za karibu 1400, kumbe zingewasaidia! Maafisa hulinganisha alama na shule uliyotoka.

Kwa Mkenya kuna jambo jingine. Vyuo vingi vya aina hii hufunga maombi mapema Januari, na matokeo ya KCSE kwa kawaida hutoka mwezi huo huo. Ukiomba ukiwa kidato cha nne, gredi yako ya mwisho bado haijulikani. Chuo kitategemea ripoti za shule, insha, barua za walimu na hiyo SAT.

Sasa ufanye nini? Kwanza, rudia ukiweza. Vyuo vingi huchukua alama yako bora ya kila sehemu. Ukipata 600 na 650, kisha 680 na 620, watahesabu 680 na 650, yaani 1330. Mazoezi ya Khan Academy ni ya bure.

Pili, panga orodha upya. Acha chuo kimoja au viwili vya ndoto, kisha weka vingine ambavyo alama zako ziko katikati ya safu yao au juu yake. Baadhi ya vyuo hivyo hutoa ufadhili kwa wenye alama nzuri kuliko wenzao, na bila ufadhili, barua ya kukubaliwa itabaki karatasi tu kwa wengi wetu.