Mtandao Unapokwama, Tuanzie Wapi Kutafuta Kosa?

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapokaribia kufungwa, vijana wengi wa Pito na vigango vya jirani hukaa mbele ya ukurasa unaozunguka tu bila kufunguka. Mmoja husema bando limeisha, mwingine husema mtandao wa huku Ufipa ndivyo ulivyo. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kutofautisha kabla ya kuhukumu, na hapa inafaa kweli, maana mzazi anaweza kuuza gunia la mahindi anunue kifurushi kikubwa na ukurasa ukabaki vilevile.

Kasi ina maana mbili. Kuna wingi wa data unaopita kwa sekunde moja, na kuna muda ambao ujumbe hutumia kwenda kwenye seva na kurudi. Barabara ya Tunduma ikipanuliwa itapitisha magari mengi zaidi, lakini umbali wa kufika Tunduma haupungui. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo seva iliyo mwisho wa waya wa kilomita 10,000 haiwezi kujibu chini ya milisekunde 100, hata ununue kifurushi gani. Na ukurasa mmoja huenda na kurudi mara nyingi kabla ya kukamilika.

Tatizo la tatu ndilo linalotusumbua zaidi: vipande vya data kupotea njiani. Kila kinachopotea hutumwa upya, na kompyuta yenyewe hupunguza mwendo.

Tuanze karibu, twende mbali. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ping, acha nafasi, kisha anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta iliyo chumba cha pili inapaswa kujibu ndani ya milisekunde chache. Ikichelewa au majibu yakipotea, kosa limo nyumbani mwenu: ukuta mnene, umbali, au watu wengi kwenye ruta moja. Sogea karibu, au unganisha kwa waya. Hapo hakuna sababu ya kumpigia mtu wa kampuni.

Ruta ikiwa nzima, jaribu ping 8.8.8.8. Ikijibu vizuri huku tovuti zikigoma kufunguka kwa majina yake, huenda kinachokwama ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Isipojibu, tazama mnara. Anayetumia simu aiweke dirishani upande wa mnara, na ajaribu alfajiri kabla ya Misa, watu wengi wakiwa bado hawajaingia mtandaoni. Mwishoni pima seva yenyewe, ila tukumbuke kuwa baadhi ya seva zimepangwa zisijibu ping. Ukimya wake si ushahidi.

Wakati mwingine kosa liko mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu katika njia ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani zetu. Siku kama hiyo kuwasha na kuzima ruta ni kujichosha. Fungua tovuti yenye seva hapa nchini, kisha ya nje. Ya ndani ikifunguka upesi na ya nje ikikwama, kuna uwezekano mkubwa kuwa shida iko nje ya mipaka.

Ukipiga simu huduma kwa wateja, taja saa, namba ulizopata na majibu mangapi yalipotea. “Mtandao uko chini” hakumsaidii fundi.

Na wewe uliye katikati ya maombi: ukurasa ukiganda baada ya kubonyeza kutuma, usibonyeze tena. Huenda ombi limefika na jibu ndilo lililopotea. Ingia upya, uangalie hali ya ombi lako, na kama umelipia kwa namba ya malipo, tazama kwanza ujumbe kwenye simu.