Kutoka Junda Hadi Jumba la Mtwana

Sisi wa Junda tumezaliwa tukiiona mikoko, na pengine ndiyo sababu hatuitazami. Jumamosi iliyopita tulitoka familia saba, akina mama na watoto, pamoja na bibi wawili waliokataa katakata kubaki nyumbani. Tukapita Mishomoroni, tukashika barabara ya Malindi na kuvuka daraja la Mtwapa. Safari yetu ilikuwa ya Jumba la Mtwana, mji wa kale unaotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na ulio wazi kwa wageni.

Asiyefika hudhani ataona jumba moja. Kumbe ni magofu ya mji mzima wa karne ya 14, uliohamwa katika karne iliyofuata: misikiti, nyumba, visima na makaburi, yote chini ya mibuyu, ukingoni mwa bahari. Kwa nini wenyewe waliuhama? Wataalamu hutaja kukatika kwa biashara, mashambulizi, au uhaba wa maji matamu. Bibi mmoja, ambaye kwa miezi sasa ananunua maji kwa mtungi, alisema yeye hahitaji mtaalamu wa kumwambia ni lipi kati ya hayo matatu.

Watoto walistaajabu kuona vyumba virefu lakini vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Jawabu lake linatoka kwetu. Dari za mawe na chokaa zililalia boriti za mikoko, na boriti haiwezi kurefuka kupita mti wenyewe. Basi upana wa chumba uliamuliwa na mkoko. Ni mti uo huo unaokatwa kwa kuni na makaa katika hori ya Tudor, mbele ya macho yetu. Kijana wetu mmoja aliupima ukuta kwa hatua, akanyamaza.

Ipo pia nyumba iitwayo ya milango mingi, inayodhaniwa kuwa ilipangishwa wageni. Lakini tulipokaa sana ni katika msikiti wa baharini. Birika la kutawadhia lingalipo, na mbele yake mawe ya matumbawe ambayo waumini walisugulia nyayo ili wasiingie na mchanga. Kando, makaburini, pamechongwa aya ya 185 ya Surat Aal Imran, inayokumbusha mauti. Mmoja wetu aliisoma kwa sauti, na hata wadogo wakatulia.

Ndipo tulipoonyeshwa alama za chumba cha pembeni, kinachoaminiwa kuwa cha wanawake kuswalia. Tulikitazama kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Katika msikiti mmoja wa mtaani kwetu, mwanamke akikutwa na Magharibi njiani huambiwa arudi nyumbani, kwa kuwa hapana nafasi. Tumekuwa tukidhani kwamba nafasi hiyo ni jambo la kisasa, na kwamba kuiomba ni kuiga wageni. Kumbe zaidi ya miaka 600 iliyopita, mafundi wa pwani hii hii, kwa mawe na chokaa, waliitenga. Binti wa miaka tisa akauliza, “Sasa kwetu kilibomolewa lini?” Tukatazamana, tusiwe na la kumjibu.

Adhuhuri ilipoingia tulitandika mikeka kivulini tukaswali, mawimbi yakisikika nyuma ya kuta. Kisha tukala mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, na taka zetu zote tukazirudisha mfukoni. Tunawaomba watakaokwenda wafanye vivyo hivyo.

Jioni, kabla ya kuachana pale Mishomoroni, akina mama watano walikubaliana kuiandikia barua kamati ya msikiti, wakiomba chumba kidogo chenye mlango wake na bomba la maji. Barua imekwishapelekwa. Tumeambiwa itasomwa baada ya swala ya Ijumaa.